Orodha ya kwa Chifu

Mimi na fundi mmoja wa redio kutoka Kitale tuliomba leseni ya kuuza stima ya mtambo wetu wa kufua umeme mtoni, tuiuze sokoni Chwele. Tangazo lilibandikwa kwa chifu, na chini yake karatasi ya wanaotupinga kutia sahihi. Kule orodha ya chifu huwa ya mbolea ya bure, kwa hivyo watu walipanga foleni.

"Mama, hiyo ni ya kutukataa!" nilimwambia muuza dagaa wa omena, aliyekuwa ameshanunua balbu.

"Si uniandike tu, bana. Nisiachwe nje."

Tulinyimwa leseni kwa kuwa wananchi hawatutaki. Fundi alirudi Kitale. Nilipompitia yule mama kumuaga, alikuwa akiwasha koroboi yake ya mafuta ya taa. Akaniuliza stima inakuja lini.