Bomba la Kwandu

Waliomcheka Kwandu mwaka ule leo wanatazama pembeni akipita. Marehemu mama yake alimwachia njiwa. Kicheche akaingia bandani, akawamaliza, wakabaki makinda wawili wasio na hata manyoya. Hao wakifa, ndio mwisho wa njiwa wa mama. Kwandu alilia, tena kwa sauti, majirani wakamcheka.

Makinda wa njiwa hawajui kudonoa. Shemeji yake Malimi, mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa, akasema hiyo kazi ndogo. Akamshika mmoja, akamfungua mdomo, akammiminia uji kwa pembeni kama anavyonyweshwa ndama. Uji ukaingia njia ya hewa. Kinda akajitikisa mara mbili, akafa mkononi mwake. 

Akabaki mmoja.

Enzi hizo za soko huria Bariadi palikuwa pameanza maduka ya watu binafsi ya dawa za mifugo. Zamani ulimsubiri bwana mifugo mpaka uchoke. Kwandu akaenda kwa Machibya, muuza dawa, naye akampa bomba dogo la sindano, bila sindano yenyewe.

"Msukumie uji taratibu," Machibya akasema.

"Mwenzake alikufa kwa kumiminiwa. Nipe bomba kubwa kuliko yote."

Machibya akacheka. Na acheke. Kwandu alikuwa amekumbuka jambo aliloliona tangu utotoni: mtoto wa njiwa ndiye anayechomeka mdomo wake ndani ya mdomo wa mama, akajipatia kiasi chake.

Nyumbani akakata kichwa cha bomba kwa kisu cha moto, akafunika pale kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akaupasua kidogo katikati. Akajaza uji laini wa mtama, wa vuguvugu. Kinda akapapasa, akachomeka mdomo, akanywa kwa pupa mpaka shingo ikatuna. Kwandu alicheka machozi yakimtoka.

Wiki ya tano njiwa aliruka mpaka juu ya bati.

Baada ya msimu wa pamba, Malimi alifika asubuhi na makinda wawili kapuni, na bomba jipya ambalo halijakatwa.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Leo hunyweshi mwenyewe?"

"Nifundishe," Malimi akasema. "Mmoja utabaki naye. Yule wa mama yako anahitaji mwenza."

Kwandu akaingia ndani kuchukua kisu.