Mizani Niliyoiamkia

Nichekeni, lakini polepole, maana aibu bado haijaniisha.

Nilikuwa kwenye majaribio katika ghala la viungo kule Mkuyuni, na mama mwenye ghala alikuwa hajaamua kama ataniajiri. Mizani yao inaongea. Kweli, inaongea! Unaiambia mzigo ni wa nini, nayo inapima na kutoa lebo yenyewe. Mimi niliyezoea mizani ya mawe nilibaki mdomo wazi.

Pembeni ilining'inia kadi ya maelekezo: "Weka gunia. Mashine ikiuliza, jibu vizuri."

Nikaweka gunia la karafuu. Sauti ya mama mtu mzima, tulivu kama ya redioni, ikauliza, "Mzigo gani?"

Kwetu milimani, ukiambiwa umjibu mkubwa vizuri, unaanza na heshima. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo mama."

Lebo ikatoka papo hapo. Nikastaajabu, kumbe imenielewa! Nikaibandika bila kuisoma, na kila gunia lililofuata nikaiamkia hivyohivyo.

Mnunuzi alipokuja kupakia, akainamia lebo.

"Mama, hii Shikamoo Mama ni kiungo gani? Nimefanya biashara hii tangu ujana, sijawahi kukisikia!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mama mwenye ghala akasoma lebo, akaitazama kadi, kisha akanitazama mimi. Nikajua kazi imekwenda.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Zibandue zote. Kesho ukija, tutaiandika upya hiyo kadi."