Radhi ya Mmoja

Harufu ya majamvi yaliyolowa mvua ya masika hunirudisha chuoni kwetu Wingwi, na wallahi hunirudisha na hasira. Nilikuwa na miaka kumi, nimehifadhi juzuu Amma yote, na Maalim alikuwa ameniteua nisome Kurani kwenye Maulidi ya Chake Chake. Bibi yangu, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, aliazima buibui zuri aje kunisikiliza. Kila alfajiri alinisikiliza huku akikuna nazi. Nikikosea, hunigonga goti kwa kifuu.

Wiki moja kabla ya safari, kioo cha kabati la misahafu kilivunjika. Maalim akasema asipojitaja aliyekivunja, haendi mtu, akatoka kwenda kutawadha. Hapo Asha, rafiki yangu wa kula sahani moja, akapiga hesabu: tuko thelathini, akibaki mmoja wanakwenda ishirini na tisa. "Wengi wape," alisema, kama mtu mzima. Na huyo mmoja awe Salma, yaani mimi, maana hana baba wa kuja kugombana na Maalim wala mama wa kumlilia. Eti machungu yatakuwa kidogo. Maalim aliporudi, vidole vyote vilinielekea mimi. Nilichapwa, nikabaki. Siku gari lilipoondoka na kaswida zao, Bibi aliniuliza mara moja tu, "Ni wewe?" Nikasema si mimi. "Najua," akajibu, akalikunja buibui la watu. Masika yaliyofuata hayakumkuta hai.

Siku hizi chuo kile kina mazulia, na watoto hawachapwi ovyo. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mwezi uliopita Asha alinijia nyumbani kwangu Tibirinzi. Anakwenda Hija, na kama ilivyo desturi, anazunguka kuomba radhi. "Mwenzangu, ulikuwa utoto," alisema. "Haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mwenyewe asamehe." Nilimmiminia chai, nikamkatia mkate wa kumimina, kisha nikamwambia, "Bi Asha, mliofaidi mlikuwa ishirini na tisa. Nenda wakakupe wao hiyo radhi." Alilia. Niliona raha, sifichi.

Jana mwanawe alinipigia simu. Mama yake ameshafika Makka, hali wala halali, anauliza kama moyo wangu umelainika. Nikamwambia simu inakatika.