Rahabu Hakushuka Baiskeli

Festo wa kijiji cha Mwankoko amepeleka maziwa Utemini, mjini, kwa baiskeli miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo aliamini kwamba mlima wa kuingilia mjini haupandiki ukiwa na mzigo. Kila asubuhi alishuka baiskeli chini ya mlima, akasukuma. Wenzake pia walisukuma, na waliouza baiskeli zao walisingizia mlima huo huo.

Ndipo Rahabu, mke wa jirani yake, alipoanza kubeba maziwa. Siku ya tatu Festo akiwa katikati ya mlima, alisikia mnyororo ukilia taratibu nyuma. Rahabu alimpita akiwa amekaa kwenye siti, madumu mawili yakining'inia.

"Shikamoo, baba Eliana."

"Marahaba," alijibu Festo, akihema.

Alipitwa hivyo wiki nzima. Siku moja, nje ya mgahawa wa Agnes wanakopeleka maziwa, aliichungulia baiskeli ya Rahabu. Friwili, ile gia ya nyuma, ilikuwa pana kama kisahani, ya kupandia mlima. Ya Festo ilikuwa ndogo, na ni yeye aliyemwomba fundi aifunge, maana kwao mwanamume husifiwa kwa mbio za tambarare. Angeweza kuibadilisha siku hiyo hiyo. Lakini watu wangesema amefundishwa na Rahabu.

Badala yake alikwenda kwa mzee Mathayo, baba mkwe wa Rahabu, akalalamika kwamba binti yule anasalimia watu wazima akiwa juu ya baiskeli. Mzee aliona aibu, akamkanya mkwewe.

Kesho yake Rahabu alishuka katikati ya mlima, akakunja goti, akasalimia. Ukishashuka pale na lita ishirini, huwezi kupanda tena. Wakasukuma pamoja. Festo alikuwa na furaha mpaka juu.

Agnes aliwapokea mlangoni. Wateja wa chai walikuwa wameshaondoka. Alisema siku hizi huanza na maziwa ya Rahabu huku akimsubiri Festo, na wateja wamezoea chai ya mapema. Kama sasa wanachelewa wote, atachukua maziwa yanayoletwa na bodaboda kutoka Ilongero.

"Na wewe, Rahabu, umepatwa na nini?"

Rahabu alitazama chini, hakumtaja mtu. Hilo lilimuuma Festo kuliko kupitwa. Afadhali angemshtaki, apate la kubishana.

Asubuhi iliyofuata alisikia tena mnyororo nyuma yake, ukipunguza mwendo.

"Usishuke," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nenda, tutakosa kazi wote."

Rahabu akaenda. Festo aliutazama mgongo wake, bado akiuchukia, mpaka ukapotea juu.

Jioni alipita kwa fundi Miraji kuulizia friwili kubwa. Alisema ametumwa na mtoto wa dada yake.