Gari Lililokataa Kulala

Sijui kama ninafaa kuandika habari za chipu. Niliishia darasa la nane, na umeme wa magari nilijifunza kwa kuwashikia mafundi tochi. Lakini siku ile nilikuwepo, kwa hivyo nitaandika nilichokiona.

Mzee mmoja alitoka Majengo akaja kwenye kibanda changu cha ufundi, mtaani Lucky Summer, baada ya jirani kumwashia gari kwa betri yake. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha mbele, amejitanda mtandio. Kesho yake alfajiri alitakiwa hospitalini kwa mashine ya kusafisha damu. Safari iliyotangulia gari lilikataa kuwaka, wakachelewa, nafasi yake akapewa mwingine, na miguu ikamvimba.

"Betri ni mpya," mzee akasema. "Usiniambie ninunue nyingine."

"Sijasema kitu, mzee."

"Ulikuwa unataka kusema."

Kweli nilikuwa nataka.

Magari ya siku hizi huongea yenyewe kwa yenyewe. Milango, taa, injini, kila kimoja kina bodi yake ya umeme, na bodi zote zimeungwa kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kwenye kila bodi kuna chipu ndogo, si kubwa kuliko punje ya mchele, inayopeleka maneno na kuyapokea. Ukizima gari na kulifunga, chipu hizo zinatakiwa zilale, zibaki zikisikiliza tu, zikinywa umeme kidogo sana. Moja ikikataa kulala, nyingine zote hukesha nayo. Asubuhi betri haina kitu.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kungoja. Nikaunga mita ya kupima umeme unaotumika kwenye betri, nikafunga gari, nikaomba mtu asiliguse. Mama hakuwa na nguvu za kusimama, tukamwacha palepale kitini. Mita ikaanza kushuka. Ndipo muuza makaa wa karibu nami, aliyewahi kuwa jirani ya mama huko Majengo, alipomwona akafungua mlango amshike mkono.

"Pole, mama. Unaendeleaje?"

Gari lote likaamka. Mita ikapanda.

Tukaanza upya. Akaja mwenye duka: mlango, pole. Tukaanza tena. Akaja fundi wa kuchomelea vyuma, "Mathe, niaje, uko fiti?" na mlango ukafunguka. Mzee akawa anatazama jua. Kwetu huwezi kumpita mgonjwa ukanyamaza, na mimi ndiye niliyelazimika kuwafukuza. Nikasimama mlangoni kama askari, nikiwaambia wampungie mkono kutoka mbali. Muuza makaa akaniuliza tangu lini mita ikaheshimiwa kuliko mgonjwa. Sidhani alikosea.

Mwishowe mita ilishuka, lakini ikasimama juu ya pale inapopaswa kufika. Nikaanza kwa kufungua mlango wa mama, nikakisukuma kitasa kwa bisibisi gari lidhani umefungwa, tukangoja tena. Kisha nikachomoa plagi ya mlango ule. Mita ikazama. Nikaichomeka, ikapanda na kubaki juu. Nikachomoa mara nyingine kwa sababu sijiamini. Ikazama.

Nilipoitoa bodi nikaona chipu imebadilishwa. Mzee akasema dirisha la umeme la mlango huo lilikufa zamani kidogo, fundi mmoja wa mtaa wa Fedha akalitengeneza.

"Alinichezea?"

"Hapana, mzee. Solda yake ni safi kuliko yangu. Dirisha lilifanya kazi?"

"Lilifanya."

"Basi. Hii chipu inaongea vizuri, ila ni ya aina isiyojua kulala. Kwa macho zinafanana." Huenda hata mimi ningeweka hiyohiyo.

Inayolala sikuwa nayo, na muuzaji wa mjini aliniambia kwa simu kwamba ni ya kuagizwa. Ningeweza kuliacha gari na mlango uliochomolewa: betri ingepona, lakini dirisha lisingesogea. Na mama akitoka kwenye mashine hupata kichefuchefu, asipopigwa na upepo hutapika njia nzima.

"Sasa tuchague nini," mzee akasema, "betri ama pumzi?"

Nikamwambia sijui. Mama akageuza kichwa.

"Lishushe kwanza. Kisha lichomoe."

"Litabaki wazi, mama. Kuna vumbi, na mvua."

"Kwani nani anakaa hapa?"

Nikairudisha bodi, nikashusha dirisha nusu, nikachomoa plagi. Nikawaeleza kwamba taa ya onyo itawaka, na kwamba siwezi kuapa kuwa hakuna chipu nyingine inayokesha mahali. Mzee alinitazama sana kabla ya kuondoka.

Asubuhi simu yangu iliita kwa namba ya mzee kabla sijafungua kibanda. Nilisita kuipokea. Aliyeongea alikuwa mama.

"Tumefika. Niko kwenye foleni. Mtandio umeloa upande mmoja."

Nikaomba radhi.

"Ya nini?" akasema. "Wewe agiza hiyo chipu."