Mpira Uliolia Kabla ya Kudakwa

Kabla hajaitwa Masikio alikuwa fundi redio, na enzi hizo fundi redio alikuwa mtu. Mteja aliingia dukani amekumbatia redio yake kama anayepeleka mtoto zahanati, akakaa kwenye benchi akingoja kuambiwa maradhi. Fundi hakuanza kwa kulegeza skrubu. Aliiwasha, akainamisha kichwa, akaisikiliza inavyokoroma, kisha akasema, "Hii spika imepasuka," au "Hii imeingia mende." Siku hizi redio ikinyamaza inatupwa jalalani, na mwenyewe ananunua nyingine ya plastiki, nyepesi kama ganda la yai, ambayo haifunguliki hata ukitaka. Duka likafa taratibu. Kwanza waliondoka wateja, kisha kibao, na mwisho akauza hata benchi.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa mwamuzi wa kriketi. Kampuni ya matangazo ilikuwa inatafuta mtu wa kutandaza nyaya za sauti uwanjani. Shemeji akawaambia anaye mmoja, "yule akilala anasikia sisimizi wakigombana." Jina la Masikio likamganda hapo hapo, hata mkewe akaanza kumwita hivyo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Katika kriketi, mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu. Mpira ukirushwa, ukalikwaruza gongo japo kwa unywele, kisha ukadakwa na mdakaji aliyechutama nyuma ya vijiti, mpigaji ametoka. Sasa nani aseme kama umegusa? Zamani alisema mpigaji mwenyewe. Aliyegusa alijua amegusa, akatia gongo lake kwapani akaondoka, wala hakumtazama mwamuzi usoni. Na penye shaka, mwamuzi aliinua kidole, maneno yakaisha, watu wakanywa maji. Leo mtu anaugusa mpira mchana kweupe, watu na majirani zao wakisikia, na bado anasimama pale na uso wa aliyesingiziwa, akingoja mashine imuumbue. Aibu ilipohama vifuani mwa watu, ndipo kipaza sauti kilipofukiwa chini ya kijiti.

Kutoka kwenye kijiti waya ulitambaa chini ya majani hadi kwenye gari la matangazo, nyuma ya jukwaa. Humo ndani ndimo Masikio alimokaa siku nzima, hedifoni kichwani na sweta mwilini, maana mitambo hupozwa kwa baridi kali kuliko watu. Mbele yake kulikuwa na kioo. Juu picha, chini mstari wa sauti. Mpira ukigusa kitu, mstari unaruka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha picha na sauti vinakwenda pamoja, kama watu wawili wanaobeba kabati ngazini. Mmoja akimtangulia mwenzake, kabati linawaangukia.

Kwa hiyo palikuwa na desturi waliyoiita hodi. Kabla ya kila kipindi mwamuzi hukiendea kijiti, akakigonga kwa mpira mbele ya kamera, na Masikio akatazama kama mstari unaruka pale pale mpira unapogusa. Na kamera yoyote ikibadilishwa, hodi hupigwa upya. Kamera hazifanani. Ipo ambayo picha yake huwahi, na ipo ambayo hujikongoja nyuma ya sauti.

Siku yenyewe ilikuwa ya fainali, na Shemeji ndiye aliyesimama katikati ya uwanja. Mambo yake hayakuwa mazuri. Msimu ule maamuzi yake yalipinduliwa na mashine mara kadhaa, na kamati ya waamuzi ilimwambia bila kupepesa macho: uamuzi mmoja tena ukigeuzwa, koti jeupe la uamuzi alirudishe. Wanakamati walikuja wenyewe kumtazama. Walikaa mstari wa mbele kama wakwe waliokuja kukagua nyumba. Koti lile Shemeji alilivaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda, wala hakujua kuitafuta.

Baada ya mapumziko ya chai, sauti yake ikaingia kwenye hedifoni. "Hodi huko ndani!"

"Karibu, shemeji. Viatu acha nje, umekanyaga nini huko?" Masikio akamjibu kwenye redio ndogo iliyokuwa sikioni mwa mwamuzi.

"Nimekanyaga mume wa dada yangu. Hodi hiyo, umeiona?"

"Nimeiona. Iko sawa."

Mpira ulipogusa kijiti, mstari uliruka pale pale. Shemeji akarudi mahali pake, akanyoosha koti. Dakika hiyo hiyo picha ya kamera ya ubavuni ikameta, ikawa nyeusi. Mkuu wa gari, kijana mwenye sauti ya mnadani, akapiga kelele waunganishe ya akiba. Ikaunganishwa. Hapo ndipo Masikio alipopaswa kusema hodi irudiwe.

Alifungua mdomo. Mkuu wa gari akasema, "Tunarudi hewani, mzee, tusicheleweshane." Lakini si hilo lililomnyamazisha, kelele za mkuu alishazizoea. Alichokiona akilini ni Shemeji akiitwa arudi tena kwenye vijiti mbele ya kamati, akigonga-gonga kama mtu aliyesahau ufunguo, na wale wa mstari wa mbele wakinong'onezana kwamba mzee hata utaratibu umemtoka. Akamhurumia. Akasema moyoni, tofauti itakuwa ndogo tu, potelea mbali. Akafunga mdomo.

Mchezo ukaendelea hadi ukafika pabaya, pale ambapo kila mpira unaweza kuamua kombe. Mrushaji akaja mbio, mpira ukapita karibu na gongo la nahodha wa timu iliyokuwa inapiga, mdakaji akaudaka, timu yake nzima ikaruka ikidai ametoka. Shemeji akatulia kidogo, kisha akainua kidole. Ametoka. Nahodha akaomba rufaa.

Rufaa huamuliwa na mwamuzi wa tatu, na siku hiyo alikuwa mama mmoja mchezaji mstaafu, mtulivu, aliyekaa ndani ya gari lile lile, nyuma ya kizuizi cha kioo. "Masikio, nipe ya ubavuni," akasema. "Polepole, baba."

Masikio akaisogeza picha. Mpira ukaja, ukafika sambamba na gongo, na hapo hapo mstari ukaruka.

"Nimetosheka. Umegusa. Uamuzi wa mwamuzi unabaki." Uwanja ukalipuka. Huko nje nahodha alitikisa kichwa, akaanza kuondoka akiburuta gongo. Kwenye hedifoni Masikio alimsikia Shemeji akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Mikono ya Masikio ilikuwa bado inasogeza picha, kwa mazoea tu. Mpira ukalipita gongo, ukawa unaelekea kwa mdakaji. Mstari ukaruka mara ya pili, ule mlio mnene wa mpira kuingia kwenye glavu. Lakini kwenye picha mpira ulikuwa bado uko hewani. Haujafika.

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Mpira ulikuwa unalia kabla ya kudakwa.

Baridi iliyompata haikuwa ya mitambo. Kamera ya akiba ilikuwa inajikongoja. Kama mlio wa glavu uliwahi, basi na ule wa kwanza uliwahi. Akausukuma mstari nyuma hadi glavu na mlio wake vikakutana, kisha akatazama gongo. Mpira ulipita kimya. Kilicholia ni gongo kugonga pedi ya mguu, mpira ukiwa umeshapita.

Nahodha alikuwa amebakiza hatua chache atoke uwanjani. Mpira mwingine ukirushwa, habari imekufa, hakuna wa kuifufua. Na hakuna aliyejua ila yeye.

"Mama," Masikio akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza ilivyokuwa ndogo. "Mzuie. Sauti na picha havikulingana. Kosa ni langu, kamera ilibadilishwa na hodi sikuiomba."

Mkuu wa gari akageuka. "Unasema nini, mzee? Tuko hewani!"

"Nasema hakugusa."

Mwamuzi wa tatu alivua miwani. "Unajua aliyeko pale katikati ni nani wako?"

"Najua, mama. Ndiyo maana naongea haraka, kabla sijabadili nia."

Mama akaonyeshwa. Akatazama mara mbili, akabonyeza kitufe, akasema na uwanja. Nahodha akarudishwa. Na Shemeji, mbele ya kamati na umati uliokuwa unazomea, akaipishanisha mikono kifuani, akagusa mabega yake mwenyewe, ishara ya mwamuzi anayefuta kauli yake. Aliifanya vizuri, bila haraka, kama mambo yote ya watu wa zamani.

Jioni, nyaya zikiwa zinakunjwa, Shemeji akaja garini. Kamati ilishazungumza naye. Hakusalimia.

"Nionyeshe."

Masikio akamwekea picha. Shemeji akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Rudisha." Ikarudishwa. "Tena."

Kisha akanyooka. "Ungenyamaza nani angejua?"

"Mimi."

"Wewe! Wewe nani? Fundi wa mende!" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilisikia kitu, Masikio. Naapa nilisikia."

"Ulisikia. Ni gongo lililogonga mguu."

"Zamani yule nahodha angeniambia, 'Mzee, sikugusa,' na mimi ningemwamini, maana angegusa angeondoka." Akavua koti, akalikunja mikono ndani, akaliweka kwenye kiti cha plastiki kwa ajili ya mtu wa kamati. "Na hodi, kwa nini hukuniita?"

"Niliona aibu kwa niaba yako."

"Siku nyingine," Shemeji akasema, "usinihurumie kazini. Nihurumie nyumbani."

Waliondoka pamoja hadi kwa Masikio, maana njia ilikuwa moja. Dada mtu alikuwa ameona yote kwenye runinga, na aliwafungulia mlango akiwa ameshika kiuno. Akamtazama kaka yake asiye na koti, akamtazama mumewe.

"Nimpige nani kwanza?"

"Mumeo," Shemeji akasema akivua viatu. "Mimi nimeshapigwa."

Dada hakucheka. Aliwapakulia, na nyama kubwa zaidi akampa kaka yake. Masikio alikula kilichobaki, wala hakulalamika.