Siku Nilipomtoa Mwende Kwenye Timu

Saiba, chumba cha kukodi kompyuta za intaneti nyuma ya soko la Voi, ilinuka plastiki iliyopata moto na maharagwe ya kibanda cha jirani. Likizo ile ya Agosti nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilishinda humo nikiongoza timu ya watu watano katika mchezo wa vita wa mtandaoni. Watatu walikuwa wageni wa nchi nisizozijua. Wa tano alikuwa Mwende, jirani yangu tangu utotoni mpaka baba yake alipowahamishia kijiji cha Mata kulima. Alicheza kwa simu ya mama yake. Mimi ni Mtaita, yeye Mkamba, lakini Kikamba nilikiokota uani kwao, nasi tulikitumia kuandikiana mchezoni ili wale wageni wasituelewe. Kuwa kiongozi kulinivimbisha kichwa, sifichi.

Wiki hiyo mama yake, mwalimu asiyevumilia Kikamba kuandikwa ovyo, aliiwekea simu herufi zenye alama juu ya i na u. Mchezo haukuzitambua. Kila neno lililokuwa nazo uliligeuza vijisanduku vyeusi, na kwa vijisanduku hivyohivyo ulifunika matusi ya wachezaji. Hayo niliyajua baadaye, yalipokuwa hayana faida tena.

Jumamosi tulikuwa katikati ya mechi ya kupandishwa daraja, mpiganaji wa Mwende akasimama tuli. Nikamwandikia asonge. Vikaja vijisanduku mstari mzima, kisha mwingine. Jana yake nilikuwa nimemgombeza kwa kuchelewa, basi damu ikanipanda. Binamu yangu Mkawasi, aliyekuwa ameketi kando yangu, akachungulia.

"Huyo anakutusi, Wakesho. Mtoe tu."

Ukaja mstari wa tatu, vijisanduku vitupu, na mwisho wake jina langu. Nikabonyeza, nikamtoa. Tulishindwa mechi ile, na nikamlaumu yeye njia nzima hadi nyumbani.

Jumatatu shangazi yake Mwende, aliyeuza mboga hatua chache kutoka saiba, alimweleza mama yangu. Mama yake Mwende, mjamzito, alikuwa ameanguka nyumbani wakati wa mechi ile, baba hayupo, na simu haikuwa na salio la kupiga, ila data kidogo tu. Kwa mistari ile Mwende aliniomba nikimbie kwa shangazi yake atafute gari. Kwenye simu yake maneno yalionekana sawasawa. Nilipomtoa alikimbia kwa miguu hadi kwa jirani wa mbali. Mama yake alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

Nyanya yangu hakunichapa. Alinipeleka Mata. Kwetu kuna desturi ya kutasa: aliyekosewa hupiga funda la maji, akayatema nje pamoja na hasira yake, isije ikamdhuru mtu. Mwende aliijua vizuri, aliiona kwetu mara nyingi. Nilimweleza habari ya vijisanduku, akasikiliza bila kuniangalia. Nyanya akampa kikombe.

"Mjukuu wangu, kama una uchungu na huyu, uteme."

Mwende akajaza mashavu. Hapo ndipo aliponitazama, kwa muda mrefu, nami nikiomba kimoyomoyo ateme hata usoni pangu. Kisha akameza.

"Asante, nyanya," akasema. "Nilikuwa na kiu."

Hatukucheza pamoja tena. Siku hizi michezo hupokea herufi za kila lugha, na vijana ninaocheza nao wanadhani imekuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi kila nikifungua mchezo mpya, kabla ya lolote, naandika kwa Kikamba, na alama zote juu: mama ameanguka, kimbia kwa shangazi. Maneno yanatokea yote, hakuna lililofunikwa. Nayasoma nimeketi palepale, sina pa kukimbilia.